Tkinter, Qt, wxWidgets au GTK? Mwongozo kamili wa kuchagua maktaba ya madirisha kwa programu ya kompyuta

Maktaba ya madirisha ndiyo inayoipa programu yako vitufe, visanduku vya kuandikia, menyu na majedwali. Ukishaandika mistari elfu tano juu yake, kuihama ni sawa na kuanza upya. Hata hivyo wengi huichagua kwa kutazama picha za skrini mtandaoni, na kosa hujulikana siku programu inapofika kwa mtumiaji: haifunguki kwenye Windows 7, kitufe cha Hifadhi kimezama chini ya skrini, au namba ya simu iliyoanza na 07 imerudi bila sifuri.

Njia salama ni kuandika dirisha lile lile kwa kila maktaba, kisha kulipeleka kwenye kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote zitakazoitumia programu. Dirisha letu ni daftari dogo la mauzo: visanduku viwili, kitufe kimoja, jedwali moja. Lugha ni Python, kwa kuwa maktaba zote nne zinapatikana humo. Anayeandika C++ atakuta tabia zile zile ndani ya Qt, wxWidgets na GTK.

Nani anachora kitufe?

Swali hili ndilo chimbuko la tofauti nyingi. wxWidgets, iliyoanzishwa na Julian Smart mjini Edinburgh mwaka 1992, huuachia mfumo kazi hiyo: kwenye Windows unapata kitufe cha Windows chenyewe, kwenye Linux cha GTK, kwenye Mac cha Apple. Qt, iliyotoka Norway na kutolewa hadharani mwaka 1995, huchora vitufe vyake yenyewe huku ikiiga sura ya mfumo. GTK, iliyozaliwa kwa ajili ya programu ya picha ya GIMP, nayo huchora vyake lakini haijihangaishi sana kufanana na Windows. Tk ya John Ousterhout, ambayo Python huifikia kwa jina la Tkinter, ina seti mbili: wijeti (yaani vitufe, visanduku na vitu vingine vya dirisha) za zamani zenye sura ya miaka ya 1990, na zile za `ttk` zilizokuja na Tk 8.5 mwaka 2007, ambazo huazima sura ya mfumo.

Kabla ya kuandika chochote, fungua programu ambazo tayari zinazitumia uone zinavyoitikia mkono. Audacity 3 na FileZilla ni wxWidgets. VirtualBox, QGIS na OBS Studio ni Qt. GIMP na Inkscape ni GTK. IDLE, inayokuja pamoja na Python, ni Tkinter.

Hatua ya 1: Andika masharti ya kompyuta ya mtumiaji

Chukua karatasi, jibu mambo matano: mfumo gani na toleo lake, biti 32 au 64, RAM kiasi gani, ukubwa wa skrini, na programu itafikaje pale, kwa flashi au kwa intaneti. Majibu haya peke yake huondoa nusu ya maktaba.

Windows 7 ndiyo kikwazo cha kwanza. Python 3.8 ndilo toleo la mwisho linalofanya kazi humo. Qt 6, iliyotoka Desemba 2020, inataka Windows 10 au zaidi na haitolewi kwa Windows ya biti 32. Kwa hiyo kama ofisi moja tu kati ya kumi bado ina Windows 7, umebaki na Tkinter, Qt 5 kupitia PyQt5 (daraja la Qt kwa Python), au toleo la wxPython (wxWidgets kwa Python) lililojengwa kwa Python 3.8. Ni afadhali kulijua hilo leo.

Hatua ya 2: Sakinisha bila kumaliza bando

Tengeneza mazingira pepe, yaani folda yenye Python na maktaba zake pekee, ili majaribio yasivuruge Python ya mfumo:

```
python -m venv jaribio
jaribio\Scripts\activate
pip install PySide6-Essentials wxPython
```

Kwenye Linux mstari wa pili huwa `source jaribio/bin/activate`, na kwenye wa tatu ondoa `wxPython` kwa sababu utakayoiona hapa chini.

Angalia jina `PySide6-Essentials`; PySide6 ni Qt 6 kwa Python. Ukiandika `PySide6` tupu, inashuka pia sehemu ya nyongeza yenye injini nzima ya kivinjari, Qt WebEngine, ambayo daftari la mauzo halina haja nayo. Kama mna kompyuta kadhaa, pakua mara moja tu na ubebe kwa flashi:

```
pip download PySide6-Essentials -d mzigo
pip install --no-index --find-links mzigo PySide6-Essentials
```

Amri ya kwanza iendeshwe kwenye kompyuta yenye mfumo na toleo la Python sawa na zile zitakazopokea, la sivyo pip itasema haioni kifurushi kinachofaa.

Tkinter huja na Python kwenye Windows. Kwenye Debian na Ubuntu imetengwa: `sudo apt install python3-tk`. Ihakikishe kwa `python -m tkinter`; dirisha dogo litafunguka likionyesha toleo la Tk.

Kwa wxPython kwenye Linux, epuka pip. Mara nyingi itaanza kujenga maktaba yote kutoka msimbo chanzi, kazi ya muda mrefu ambayo huishia kwa kukosekana kwa faili za GTK. Tumia `sudo apt install python3-wxgtk4.0`, ukikumbuka kwamba kifurushi hicho huingia kwenye Python ya mfumo, si kwenye mazingira yako pepe.

GTK 4 kwenye Linux ni nyepesi kupata: `sudo apt install python3-gi gir1.2-gtk-4.0`. Kwenye Windows itakubidi usakinishe kwanza MSYS2, mkusanyiko wa zana za mtindo wa Linux kwa Windows, ufungue terminali yake ya UCRT64, kisha uandike:

```
pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gtk4 mingw-w64-ucrt-x86_64-python-gobject
```

Usumbufu huo ni jibu tosha kwa wengi. GTK ni chaguo zuri kwa programu za Linux, hasa za mazingira ya GNOME. Kwa wateja wa Windows, haifai kuanzia hapo.

Hatua ya 3: Andika dirisha lile lile

Tkinter:

```python
import tkinter as tk
from tkinter import ttk, messagebox

dirisha = tk.Tk()
dirisha.title("Daftari la mauzo")
dirisha.columnconfigure(1, weight=1)
dirisha.rowconfigure(3, weight=1)

bidhaa = ttk.Entry(dirisha)
bei = ttk.Entry(dirisha)
for n, (jina, sanduku) in enumerate([("Bidhaa", bidhaa), ("Bei", bei)]):
    ttk.Label(dirisha, text=jina).grid(row=n, column=0, padx=6, pady=6)
    sanduku.grid(row=n, column=1, sticky="ew", padx=6)

jedwali = ttk.Treeview(dirisha, columns=("bidhaa", "bei"), show="headings")
jedwali.heading("bidhaa", text="Bidhaa")
jedwali.heading("bei", text="Bei")
jedwali.grid(row=3, column=0, columnspan=2, sticky="nsew")

def hifadhi():
    try:
        kiasi = int(bei.get())
    except ValueError:
        messagebox.showerror("Bei", "Andika bei kwa tarakimu tu.")
        return
    jedwali.insert("", "end", values=(bidhaa.get(), kiasi))

kitufe = ttk.Button(dirisha, text="Hifadhi", command=hifadhi)
kitufe.grid(row=2, column=1, sticky="e", padx=6, pady=6)
dirisha.mainloop()
```

Makosa manne hujirudia hapa. La kwanza ni kuandika `command=hifadhi()`. Mabano hayo huendesha kazi mara moja dirisha linapojengwa, kisha kitufe kinabaki kimya. La pili ni kuchanganya `pack` na `grid` ndani ya chombo kimoja: Tk 8.6 itakataa kwa ujumbe wa kosa. La tatu ni kusahau `weight`: mtumiaji anatanua dirisha, jedwali linabaki dogo pembeni.

La nne ni baya zaidi kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Ukisoma mstari wa jedwali kwa `jedwali.item(mstari)["values"]`, Tkinter hugeuza kila kitu kinachofanana na namba kamili kuwa namba. Simu 0712345678 inarudi 712345678, na namba ya akaunti inayoanza na sifuri inapata ajali hiyo hiyo. Usitumie jedwali kama ghala. Mpe kila mstari utambulisho kwa `iid`, kisha data yenyewe isome kutoka hifadhidata.

PySide6, yaani Qt:

```python
import sys
from PySide6.QtWidgets import (QApplication, QWidget, QFormLayout,
    QLineEdit, QSpinBox, QPushButton, QTableWidget, QTableWidgetItem)

app = QApplication(sys.argv)
dirisha = QWidget()
dirisha.setWindowTitle("Daftari la mauzo")

bidhaa = QLineEdit()
bei = QSpinBox()
bei.setRange(0, 50_000_000)
bei.setSingleStep(500)
bei.setGroupSeparatorShown(True)
kitufe = QPushButton("Hifadhi")
jedwali = QTableWidget(0, 2)
jedwali.setHorizontalHeaderLabels(["Bidhaa", "Bei"])

def hifadhi():
    n = jedwali.rowCount()
    jedwali.insertRow(n)
    jedwali.setItem(n, 0, QTableWidgetItem(bidhaa.text()))
    jedwali.setItem(n, 1, QTableWidgetItem(str(bei.value())))

kitufe.clicked.connect(hifadhi)
mpangilio = QFormLayout(dirisha)
mpangilio.addRow("Bidhaa", bidhaa)
mpangilio.addRow("Bei", bei)
mpangilio.addRow(kitufe)
mpangilio.addRow(jedwali)
dirisha.show()
sys.exit(app.exec())
```

Urefu unakaribiana, lakini Qt imekufanyia kazi zaidi. Sanduku la bei halipokei herufi, na tarakimu hutenganishwa kwa maelfu. Usiache `setRange`: QSpinBox bila hiyo inaishia 99, na mtu atakayejaribu kuandika 2500 ataona kibodi kama imekufa.

Mtego mwingine wa Qt ni kupanga jedwali. Bei ikiingizwa kama maandishi, 10000 itatangulia 900, maana inalinganishwa herufi kwa herufi. Ingiza namba yenyewe kwa `setData(Qt.DisplayRole, kiasi)`. Na ukishawasha `setSortingEnabled(True)`, izime kabla ya kuongeza mstari. Ukiiacha, mstari unaruka kwenda nafasi yake mpya mara tu safu ya kwanza inapojazwa, na bei inatua kwenye bidhaa ya jirani.

Kwenye wxPython tumia `wx.BoxSizer` au `wx.FlexGridSizer` kupanga, na usiweke vipimo vya pikseli kwa mkono, maana kitufe cha GTK ni kirefu kuliko cha Windows na maandishi yatakatika. Ukilikuta dirisha tupu lenye vitu vilivyorundikana kona ya juu kushoto, umesahau `SetSizer`.

Hatua ya 4: Jaza mistari 50,000

Dirisha lenye mistari kumi halikufundishi kitu. Jaza elfu hamsini za kubuni, kisha buruta upau wa kushuka.

Treeview ya Tk huhifadhi kila mstari ndani yake, hivyo kuzijaza zote huchukua muda na kumbukumbu. Dawa ni kuonyesha kurasa za mistari 200 kwa kutumia `LIMIT` na `OFFSET` za hifadhidata ya SQLite. QTableWidget ina udhaifu wa namna hiyo. Ndugu yake, QTableView yenye `QAbstractTableModel`, huuliza ile mistari inayoonekana tu. wxPython ina kitu hicho kwa msimbo mfupi kuliko wote:

```python
class Jedwali(wx.ListCtrl):
    def __init__(self, mzazi, data):
        super().__init__(mzazi, style=wx.LC_REPORT | wx.LC_VIRTUAL)
        self.data = data
        self.InsertColumn(0, "Bidhaa")
        self.InsertColumn(1, "Bei")
        self.SetItemCount(len(data))

    def OnGetItemText(self, mstari, safu):
        return str(self.data[mstari][safu])
```

GTK 4 ina ColumnView. Ina kasi, ila kila mstari lazima uwe kitu cha GObject (mfumo wa vitu ambao GTK imejengwa juu yake) na kila safu iwe na kiwanda chake cha wijeti. Mifano mingi utakayoikuta bado inatumia TreeView, ambayo tangu GTK 4.10 imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoondolewa.

Hatua ya 5: Ligandishe dirisha kwa makusudi

Weka `time.sleep(10)` ndani ya `hifadhi`, bofya, kisha jaribu kusogeza dirisha. Litaganda katika maktaba zote nne. Hapo mwanafunzi hulaumu Tkinter na kuhamia Qt, akakuta ganzi ile ile. Sababu ni kwamba uzi mmoja (thread, yaani mfuatano mmoja wa amri) ndio unaochora, unaosikiliza kipanya na unaoendesha kazi yako. Ukiushika sekunde kumi, hakuna wa kuchora.

Kazi nzito ipelekwe uzi mwingine, na uzi huo usiguse wijeti yoyote. Qt hurudisha jibu kwa ishara (signal), wx kwa `wx.CallAfter`, GTK kwa `GLib.idle_add`. Tkinter haina njia yake maalumu, kwa hiyo unatumia foleni:

```python
import queue, threading
foleni = queue.Queue()

def kazi_nzito():
    try:
        foleni.put(("sawa", soma_mauzo()))
    except Exception as kosa:
        foleni.put(("kosa", str(kosa)))

def chungulia():
    try:
        hali, jibu = foleni.get_nowait()
    except queue.Empty:
        dirisha.after(100, chungulia)
        return
    kitufe.config(state="normal")
    if hali == "kosa":
        messagebox.showerror("Hitilafu", jibu)
    else:
        jaza_jedwali(jibu)

def anza():
    kitufe.config(state="disabled")
    threading.Thread(target=kazi_nzito, daemon=True).start()
    chungulia()
```

Bila ule mstari wa `except Exception`, kosa likitokea foleni haijai na kitufe hakiwaki tena. Muunganisho wa SQLite ufunguliwe ndani ya uzi ule ule utakaoutumia. Moduli ya `sqlite3` hukataa uliofunguliwa kwingine.

Hatua ya 6: Skrini, Kiswahili na printa

Weka skrini kwenye 1366 kwa 768, kisha ukuzaji wa 125%. Kitufe cha mwisho kinaonekana? Qt 6 hushughulikia ukuzaji yenyewe. Tkinter kwenye Windows mara nyingi hutoa herufi zenye ukungu. Kabla ya `tk.Tk()` andika:

```python
import ctypes
ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1)
```

Mstari huo ni wa Windows 8.1 kwenda juu. Kwenye Windows 7 au Linux utaangusha programu, kwa hiyo ufunge ndani ya `try`.

Visanduku vya maswali vina kasoro ndogo inayoudhi: swali liko kwa Kiswahili, vitufe ni Yes na No. `messagebox` ya Tkinter kwenye Windows hufuata lugha ya Windows na huwezi kuibadilisha, hivyo unajenga dirisha lako dogo la `Toplevel`. Kwenye Qt tumia `addButton("Ndiyo", QMessageBox.YesRole)`, kwenye wx, `SetYesNoLabels("Ndiyo", "Hapana")`.

Risiti ndogo za printa ya joto hazitegemei maktaba ya madirisha, maana kwa kawaida unaipelekea printa amri za ESC/POS, lugha ya printa za risiti, moja kwa moja. Ripoti za A4 ndizo zenye tofauti. Qt ina QPrinter, wx ina `HtmlEasyPrinting` inayochapisha ukurasa wa HTML kwa mistari michache, GTK ina PrintOperation. Kwa Tkinter, tengeneza PDF kwa ReportLab, maktaba ya Python ya kutengeneza PDF, kisha uifungue ichapishwe.

Kama kati ya watumiaji kuna asiyeona, nenda wx au Qt. NVDA, programu huru ya kusoma skrini kwenye Windows, imejenga madirisha yake yenyewe kwa wxPython. Tk 8.6 haisomeki na visoma skrini, na hilo haliponyeki kwa ujanja wa msimbo.

Hatua ya 7: Leseni, kabla ya kuuza

Tk ina leseni huria ya aina ya BSD. wxWidgets inaruhusu hata kuunganishwa ndani ya faili moja bila kufungua msimbo wako. GTK iko chini ya LGPL.

Kwenye Qt soma kwa makini. PySide6 hutolewa kwa LGPL: unaweza kuuza programu iliyofungwa, mradi uambatanishe maandishi ya leseni na uache faili za Qt zikiwa zinaweza kubadilishwa na mtumiaji. PyQt6, ambayo msimbo wake unafanana kwa sehemu kubwa, ni GPL (leseni inayodai msimbo wa programu nzima uwe wazi kwa anayeipokea) au leseni ya kununua. Ukiuza programu ya PyQt6 bila kununua leseni, kila mteja ana haki ya kupata msimbo wako chini ya GPL. Baadhi ya sehemu za Qt zenyewe, kama Qt Charts, hazina LGPL kabisa. Anayechora grafu atumie Matplotlib.

Zilizobaki pembeni

Kama wateja wote wako Windows na unajua C#, WinForms ingali njia fupi kuliko hizi zote: .NET Framework 4.8 tayari imo ndani ya Windows 10 za kuanzia toleo la 1903, na faili la programu huwa dogo. Electron inampa mwandishi wa tovuti urahisi, lakini kila programu hubeba kivinjari chake cha Chromium. Kwenye kompyuta ya RAM ya GB 4 mtumiaji atalihisi hilo. Wenye Java wakumbuke kwamba JavaFX iliondolewa kwenye JDK tangu Java 11, ilhali Swing ingalimo.

Hatua ya 8: Fungasha na upeleke kwenye kompyuta dhaifu

```
pip install pyinstaller
pyinstaller --windowed --onedir daftari.py
```

PyInstaller hufungasha msimbo wako pamoja na Python ili programu ijitegemee, lakini haitengenezi programu ya Windows ukiwa Linux, wala kinyume chake. Fungasha ndani ya mfumo lengwa. Chagua `--onedir`. Faili moja la `--onefile` linapendeza kulibeba, lakini hujifungua upya kwenye folda ya muda kila linapoanza, huchelewa, na antivairasi hulishuku mara kwa mara. Folda iliyo wazi pia inarahisisha sharti la LGPL la kuacha faili za Qt zibadilishike; maandishi ya leseni bado uyaambatanishe.

Pima ukubwa wa folda ya `dist`. Ya Tkinter itakuwa ndogo kuliko zote, ya PySide6 kubwa kwa mbali. Kisha inakili kwenye kompyuta isiyo na Python kabisa. Ukiijaribu kwenye yako, maktaba zilizosahaulika zitapatikana kwa bahati na hutagundua lolote.

Isipofunguka na haisemi kitu, fungasha upya bila `--windowed`, iendeshe kutoka terminali, usome kosa. `ModuleNotFoundError` hutibiwa kwa `--hidden-import` pamoja na jina la moduli. Ikilalamikia picha au hifadhidata, faili hiyo haikufungashwa: tumia `--add-data`. Kwenye Linux, Qt ikisema imeshindwa kupakia `xcb`, sehemu inayoiunganisha na skrini, andika `sudo apt install libxcb-cursor0`, ambayo inahitajika tangu Qt 6.5. Na Linux ikilalamikia toleo la GLIBC, maktaba ya msingi ya lugha ya C, umefungashia kwenye mfumo mpya kuliko wa mteja. Rudia kazi hiyo kwenye toleo la zamani kuliko yote unayokusudia kuyahudumia, kwa kuwa programu iliyojengwa kwenye GLIBC ya zamani hufunguka kwenye mpya.